Mazoezi ya Kuungama

Ndera
Jumapili, 4 Mei 2025

Dada Rachael,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii anakuletea Awadh, yule wa Kipini anayetuuzia samaki wa ng'onda. Akipita Garsen hulala karibu na soko, kwa hiyo ukitaka kujibu utampata bila shida. Nimekupigia simu wiki nzima. Inaita, kisha inakatwa.

Naandika juu ya Valary. Ndugu yako Josiah alituambia kwamba amemhamishia kwako kwa sababu ya shule. Hilo ni la wazazi, sina neno. Ila ameondoka akiwa amebakiza kidogo sana. Komunyo ya kwanza ni mwezi ujao, siku ya Mwili na Damu ya Kristo, hapo hapo parokiani kwenu, na watoto wa vigango vyote wataletwa. Yeye ndiye bora katika darasa langu. Anazijua amri zote bila kuruka, anaijua sala ya kutubu, anajua tofauti ya dhambi ndogo na dhambi ya mauti, jambo ambalo wazee wengine wa halmashauri yetu hawalijui. Alichobakiza ni kuungama kwa padre, basi.

Nakuomba umwandikishe darasa la parokia. Kadi yake ya ubatizo nimeiweka ndani ya bahasha. Mwalimu wa huko akitaka kumjaribu, amjaribu.

Kama umesikia maneno juu ya mtumbwi wa kigango, hayo yamekwisha. Mwingine unachongwa. Si vizuri kumkumbusha mtoto.

Wewe na mimi tulisoma kozi ya ukatekista pamoja, unajua inavyouma kumpoteza mtoto mlangoni.

Wako katika Kristo,
Silas
Katekista wa kigango


Garsen
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mwalimu Silas,

Milele, amina. Simu naikata mimi. Spika yake imeharibika, mtu akiongea nyumba nzima inasikia. Siku ya kwanza uliyopiga, Valary alikuwa anaosha vyombo. Aliposikia sauti yako aliacha sufuria majini, akatoka. Nilimkuta kwa jirani, chini ya kitanda. Kwa hiyo niandikie. Karatasi haina sauti.

Josiah hakunitajia shule. Alimleta kwa pikipiki, akanywa maji, akasema, "Mtunze huyu, mimi amenitosha," akaondoka. Mtoto alikuwa amevaa sweta. Unalijua joto la Garsen. Nilipomvua nikaona kwa nini alivalishwa.

Nilimpeleka darasani kama ulivyotaka. Siku hizi napika kwenye nyumba ya mapadre, nilikuwa jikoni nasikia yote. Mwalimu akasema, "Leo tunajifunza kuungama. Nani aanze?" Valary akasimama: "Mimi nimeshaungama."

"Umeungama kwa nani, bibiye? Kwa mbuzi?"

Darasa zima likacheka. Valary alitorokea dirishani, na kipande cha gauni kikabaki kwenye msumari.

Nyumbani nilimuuliza nami, lakini bila kucheka. Akasema, "Kwa Mwalimu Silas. Alikuwa amevaa."

"Amevaa nini?"

"Ile ya padre. Ya shingoni."

Sasa nakuuliza wewe. Ulivaa nini, Mwalimu? Na ulimwambia nini mtoto huyu kabla hajapiga magoti?

Rachael


Ndera
Jumanne, 13 Mei 2025

Dada Rachael,

Nimesikitika kwa habari ya sweta. Sikujua. Josiah ni mtu wa hasira, lakini sikudhani atafika huko.

Kuhusu swali lako, jambo lenyewe ni dogo, limekuzwa tu. Watoto huogopa kiti cha maungamo. Wanafika mbele ya padre wanasahau hata majina yao. Mwaka juzi mmoja alilia mpaka padre akamtoa nje. Ndipo nikabuni njia. Naweka kiti nyuma ya kanisa, nakata kitambaa cha zambarau kama stola, nakiweka shingoni, na watoto wanakuja mmoja mmoja kufanya mazoezi. Wanapiga magoti, wanasema "Nibariki Padre," wanataja dhambi za mfano, mimi nainua mkono, wanakwenda. Padre mwenyewe alishasifu jinsi watoto wa Ndera wasivyobabaika.

Huwaambia pia maneno ambayo padre angewaambia: linalosemwa hapa linafia hapa. Nawaambia ili wazoee. Lilikuwa igizo, Dada. Niliwaeleza kwamba ni igizo. Nadhani niliwaeleza.

Valary hakutaja dhambi ya mfano. Alitaja ya kweli. Alisema yeye ndiye aliyeupoteza mtumbwi.

Unajua mtumbwi ule ulikuwa nini kwetu. Waumini wa ng'ambo ya mto walivukia humo kuja ibadani. Ulipopotea, vijana walimshuku Awadh, kwa kuwa ni mgeni na anajua maji. Walikuwa wanasema watachoma mizigo yake. Nilijua ukweli, nikanyamaza Jumamosi nzima. Jumapili, wakati wa matangazo, nikasema mtumbwi haukuibwa, ulifunguliwa na mtoto wa Josiah akicheza. Mtu asiye na hatia akapona. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Mimi si padre. Sikuvunja siri yoyote ya sakramenti, kwa sababu sakramenti haikuwepo. Nakuomba umweleze Valary tofauti hiyo taratibu. Ana akili, ataelewa.

Silas


Garsen
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mwalimu Silas,

Nimemweleza. Nilikaa naye kwenye kibaraza tukichambua mchicha, nikamwambia mazoezi ni mazoezi na sakramenti ni sakramenti, na kwamba Mwalimu Silas hana uwezo wa kumwondolea mtu dhambi hata akivaa pazia zima la kanisa. Alisikiliza. Kisha akaniuliza, "Kama ulikuwa mchezo, mbona nilipigwa kweli?"

Ukipata jibu, niandikie.

Ameacha kusali kwa sauti. Tukisali rozari anashika tu, midomo imefungwa. Nilimwambia jina lake nimeshalipeleka kwa padre, aungame siku moja kabla ya Komunyo kama wenzake. Akasema yeye hataungama tena maisha yake yote, na kama hawezi kupokea bila kuungama, basi hatapokea. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekataa chai. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si mtumbwi wenu.

Jambo jingine. Awadh aliponiletea barua yako nilimpa uji, nikampa na pole.

"Pole ya nini, mamaa?"

"Ya vijana wa Ndera. Nasikia walitaka kukuchomea mizigo kwa ajili ya mtumbwi wa kanisa."

"Mimi? Mwezi ule nalikuwa Kipini namuuguza mamangu. Sikukanyaga Ndera. Narudi, naambiwa mtumbwi hapana, mtoto wa Josiah kaufungua. Hakuna aliyenitaja." Akacheka. "Na mimi niufanyie nini mtumbwi wenu? Nauza samaki, siuzi mbao."

Nilimuuliza mara ya pili, akajibu vile vile.

Nimekujua tangu kozi, Silas. Wewe ndiye uliyekuwa unatusahihisha sisi wengine tukikosea kunukuu. Kwa hiyo usinambie umesahau. Ni nani aliyekuwa anashukiwa?

Rachael


Ndera
Jumatatu, 26 Mei 2025

Dada Rachael,

Nilishaandika barua mbili nikazichana. Awadh alisimama mlangoni akaniuliza kama nina mzigo wa Garsen, nikamwambia sina. Sikuweza kumtazama. Nimemtumia mtu huyu kama kifuniko, na barua yenyewe amenibebea yeye.

Aliyeshukiwa ni mimi.

Mtumbwi ulikuwa chini yangu. Siku ile nilikuwa nimetoka ng'ambo kusali na mgonjwa, nikaufunga kwenye kigingi kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika simu naongea. Watu waliniona. Ulipopotea, halmashauri ilikaa. Mwenyekiti wetu, Mama Loise, akasema mbele ya wote, "Mtu asiyeweza kufunga mtumbwi, tunamwachiaje watoto?" Wakasema Jumapili baada ya ibada nikabidhi funguo za kanisa, na kazi ya ukatekista apewe mwingine mpaka padre aje. Nimefundisha hapa tangu nikiwa kijana. Hakuna kitu kingine ninachojulikana nacho.

Valary alikuja mazoezini Jumamosi hiyo hiyo. Alipokuwa ananong'ona pale magotini, mimi nilikuwa nimekwisha kuona wokovu wangu. Nakumbuka nilifurahi. Nilimwinulia mkono, nikamwambia nenda kwa amani, na kesho yake nikasimama kwenye matangazo nikamtaja, jina lake na la baba yake, kabla sijafika hata kwenye habari za mavuno. Alikuwa ameketi safu ya mbele na wenzake wa Komunyo. Mama Loise akanipa pole. Funguo zikabaki mfukoni mwangu.

Niliona Josiah akimshika mkono kumtoa nje. Nikaendelea na matangazo.

Darasa limekufa, hata kama wanakuja. Wiki iliyopita nilisema tufanye tena mazoezi, bila kitambaa. Wote wakataja dhambi moja: "Nilimtukana kaka yangu." Mmoja baada ya mwingine. Hata Thoya, ambaye ni mtoto wa pekee. Nilimwambia, "Thoya, kaka yako yupi?" Akanitazama, akasema, "Yeyote."

Nataka kuja Garsen nimwombe Valary msamaha uso kwa uso. Na siku ya Komunyo, kama ilivyo desturi, katekista humshika mtoto wake bega anapokwenda altareni. Naomba nimshike bega. Mwambie najua kosa langu lote sasa.

Silas


Garsen
1 Juni 2025

Mwalimu,

Shangazi amenisomea barua yako. Amesema niandike ninalotaka na yeye hatasahihisha.

Sitaki uje. Bega nitashikwa na shangazi.

Umesema kosa lako lakini hujasema lote. Mimi sikufungua kamba. Nilikuambia nilikaa ndani ya mtumbwi nacheza safari ya kwenda Kipini, kamba ikatoka yenyewe, nikaruka, nikalowa. Nilikuambia hivyo nimepiga magoti. Wewe kanisani ulisema nimefungua. Baba alikuwa ananipiga anauliza, "Ulifungua kwa nini?" Sikuwa na jibu kwa sababu sikufungua.

Nataka useme pale pale uliposema, baba akiwepo. Usivae kile kitambaa.

Nina swali. Halmashauri ikimwita padre imuulize nilichosema, atasema?

Valary

(Mwalimu, mimi Rachael naongeza mstari mmoja. Habari ya kamba kutoka yenyewe ndiyo kwanza naisikia. Nimesoma barua zako zote upya. Haimo.)


Ndera
Jumatatu, 9 Juni 2025

Valary, na Dada Rachael,

Nimesema jana. Ilikuwa Pentekoste, kanisa lilijaa mpaka nje.

Valary, uliloandika ni kweli. Uliniambia kamba ilitoka yenyewe. Nilikusikia vizuri. Nilibadilisha neno hilo njiani kati ya kiti na matangazo, kwa sababu kamba iliyotoka yenyewe ni kamba niliyoifunga mimi vibaya. Hata nilipomwandikia shangazi yako kwamba najua kosa langu lote, hilo nililiacha. Sikulisahau. Nilitumaini wewe umelisahau.

Nawaeleza ilivyokuwa bila kupamba. Baada ya ibada nilisimama pale pale. Nikasema mtumbwi ulipotea kwa sababu nilifunga kamba vibaya. Nikasema mtoto aliniambia kweli kwa siri, nami niliitoa siri nikaigeuza uongo ili nisinyang'anywe kazi. Mama Loise alisema kwa sauti, "Kaa chini, Silas, unatuharibia sikukuu." Sikukaa. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama haya ni mahubiri au ni matangazo. Watu wakacheka, na mimi nikasubiri wamalize, kisha nikasema tena tangu mwanzo, kwa sababu Josiah alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka nje na sikutaka baadaye adai hakusikia.

Jioni Josiah alikuja kwangu. Alisimama uani, hakutaka kiti.

"Ungeniambia siku ile kwamba ni kamba yako, ningempiga?"

Nikamwambia sijui.

"Na mimi sijui," akasema. Kisha: "Wewe ulitaja, mimi nikapiga. Nani aende kuungama kwanza?"

Nikamwambia anipishe mimi. Akasema hapana, tutapanga foleni kama watu wengine, na asije akasikia nimevaa kitambaa chochote. Akaondoka.

Funguo nimezikabidhi. Watoto wataletwa Garsen na Mama Loise. Nitabaki hapa kusali na wazee wasioweza kusafiri, kama nitaruhusiwa hata hilo.

Swali lako, Valary. Padre hawezi kusema. Halmashauri ikimwita, baba yako akimwita, askofu akimwita, hawezi. Hiyo ndiyo sheria na sijawahi kusikia kwamba ina mlango wa nyuma. Lakini nisingependa uamini kwa kuwa nimesema mimi. Nilikufundisha maneno hayo hayo, kisha ukaona nilivyoyafanya. Muulize padre mwenyewe, mchana, kabla hujapiga magoti. Akikujibu vibaya, usimwambie kitu.

Sitakuja. Sikuombi unijibu.

Silas


Garsen
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mwalimu Silas,

Nilikuwa sina wajibu wa kukuandikia, lakini Mama Loise atakuletea habari kwa jinsi yake, na afadhali uzipate zilivyo.

Valary alimuuliza padre. Hakungoja nimpeleke. Padre alikuwa uani amekunja suruali, anarekebisha bomba la tangi. Valary alisimama mbele yake akamuuliza kama halmashauri ikimwita atasema. Padre akaweka spana chini.

"Sisemi."

"Baba yangu akikuuliza?"

"Sisemi."

"Polisi?"

"Watanifunga. Nitaenda na godoro langu."

"Na ukiota ukaongea usingizini?"

Padre akasema hilo hajawahi kuulizwa, ila analala peke yake na mlango wake mzito. Valary hakucheka. Alirudi jikoni, akachukua kisu, akaendelea kumenya viazi. Hakuniambia ameamua nini, nami nilijizuia nisimuulize, ingawa ulimi uliniwasha. Alikaa hivyo karibu wiki mbili. Midomo bado ilifungwa kwenye rozari.

Jumamosi watoto wa vigango walipofika, wakapanga mstari wa kuungama. Valary alikaa kwenye benchi la nyuma, mikono chini ya mapaja. Watoto wakaisha. Wakubwa wakaingia. Padre alikuwa anainuka kutoka kwenye kiti, stola iko mkononi, ndipo Valary akanyanyuka na kwenda. Padre akakaa tena. Alikaa naye muda mrefu. Nilikuwa naangalia sakafu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sikumuuliza. Nilikwenda kukatakata vitunguu.

Jana amepokea. Nilimshika bega. Hakuniambia nikusalimu, na sitakutungia salamu. Lakini usiku alisali Baba Yetu kwa sauti, ndogo, na mimi nikajifanya nimesinzia ili asiache.

Josiah alikuja. Nilimwona asubuhi kwenye foleni ya kuungama, wa tatu kutoka mwisho, ameshika kofia. Baada ya misa tulikuwa uani tunagawa pilau. Alimzunguka mtoto muda mrefu kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Alimwomba msamaha, nilimsikia, alisema maneno machache na aliyasema vizuri. Valary akaitikia kwa kichwa na kuendelea kula. Ingekuwa vyema angeishia hapo. Lakini unamjua Josiah. Akainama, akamuuliza polepole, "Na kule kwa padre, ulimwambia nini juu yangu?"

Valary alimeza kwanza. Akamwangalia baba yake, kisha akaelekeza kijiko upande wa padre, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa sakristia na sahani yake.

"Muulize padre," akasema.

Wanawake wote wakaangua kicheko. Josiah alimtazama padre. Padre alimtazama Josiah, akatia tonge mdomoni, akatafuna.

Josiah hakwenda kuuliza.

Rachael